Mwaka Afrika Ilipogoma Kukimbia

Februari 2, 1974, jijini Christchurch, New Zealand, kijana wa Kitanzania wa miaka 20 alifanya jambo ambalo makocha wengi wa mbio za mita 1,500 walikuwa wakiwakanya vijana wao wasilithubutu. Bastola ilipolia tu, Filbert Bayi alichomoka mbele, na hakungoja mtu. Desturi ya mbio hizo ilikuwa kujificha kundini, kuviziana mizunguko mitatu, kisha kufyatuka pale mwishoni kengele ikishalia. Bayi, mwanajeshi wa JWTZ aliyezaliwa pande za Karatu, hakuwa na subira ya kuvizia. Aliongoza mzunguko wa kwanza, akaongoza wa pili, na watazamaji wakabaki kusubiri saa ambayo miguu ingemlegea.

Haikumlegea. Katika mita za mwisho John Walker, mwenyeji aliyekuwa akishangiliwa na uwanja mzima, alikuwa akimkaribia kila hatua. Bayi alikata utepe kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Walker alifika kwa 3:32.5. Wote wawili walikuwa wameivunja rekodi ya dunia ya Mmarekani Jim Ryun, 3:33.1, iliyodumu tangu 1967, na Ben Jipcho wa Kenya aliyeshika nafasi ya tatu aliikosa kwa unywele. Hiyo ilikuwa fainali ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, na wapo wajuzi wa riadha ambao mpaka leo huitaja kuwa mbio bora kabisa za mita 1,500 zilizowahi kukimbiwa.

Watanzania wa rika fulani wanaijua hadithi hiyo kwa moyo. Kisichosimuliwa sana ni kwamba nusura Bayi asiwe Christchurch kabisa, wala Jipcho, wala mwanariadha yeyote wa Afrika huru.

Mwaka mmoja kabla, timu ya raga ya Afrika Kusini, Springboks, ilikuwa imepangiwa ziara ya New Zealand. Ilikuwa timu ya Wazungu watupu kutoka nchi iliyomkataza Mwafrika kukaa benchi moja na Mzungu bustanini. Nchi za Afrika zilionya kwamba timu hiyo ikipokelewa, zenyewe zisitarajiwe Christchurch. Waziri Mkuu Norman Kirk alikuwa amewaahidi wapiga kura wake kwamba serikali haitaingilia ratiba ya raga. Aprili 1973 aliivunja ahadi hiyo: aliiagiza ziara iahirishwe. Wapenzi wa raga, ambao New Zealand ni wengi kuliko wapenzi wa kitu kingine chochote, walimlaani. Ila Michezo ya Madola ikaokoka, na Bayi akapata uwanja wa kuvunjia rekodi.

Habari ya michezo kuleta amani kati ya mataifa kwa kawaida husimuliwa kwa picha ya watu wanaocheza pamoja. Pierre de Coubertin, Mfaransa aliyeifufua Olimpiki mwishoni mwa karne ya 19, aliamini kwamba vijana wa mataifa wakikutana uwanjani watajifunza kuheshimiana. Mwaka 1971 wachezaji wa mpira wa meza wa Marekani walialikwa Beijing, na mwaka uliofuata Rais Nixon akawafuata. Hayo yote ni kweli. Lakini Afrika ya miaka ya 60 na 70 ilikuwa na swali ambalo picha hiyo haikulijibu: unacheza vipi kirafiki na mtu ambaye sheria ya nchi yake inasema wewe si mtu kamili? Jibu la Waafrika likawa kutocheza naye, na kumnyima mchezo hata yule anayekubali kucheza naye.

Wazo hilo lina mizizi ya zamani kuliko riadha ya Tanzania. Mwaka 1957, lilipopangwa Kombe la kwanza la Mataifa ya Afrika huko Khartoum, Afrika Kusini ilikuwa miongoni mwa waasisi wanne pamoja na Sudan, Misri na Ethiopia. Wajumbe wa Afrika Kusini walisema wataleta ama timu ya Wazungu, ama timu ya weusi. Ya mchanganyiko hawana. Wakaachwa nje, na kombe likachezwa na nchi tatu. Machi 1961 Julius Nyerere, nchi yake ikiwa bado haijapata uhuru, aliandika katika gazeti la Observer la London kwamba Tanganyika isingeweza kujiunga na Jumuiya ya Madola ambamo Afrika Kusini ya ubaguzi ni mwanachama. Mwezi huohuo Afrika Kusini ikatangaza kujitoa. Mwalimu hakuwa anazungumzia michezo, ila kanuni ilikuwa ileile: mezani palipo na huyu, sisi hatuketi.

Desemba 1966, Bamako, nchi za Afrika zilianzisha Baraza Kuu la Michezo Afrika. Rais wake akawa Abraham Ordia wa Nigeria, na katibu mkuu Jean-Claude Ganga wa Kongo-Brazzaville, mtu wa maneno makali ambaye wakubwa wa Olimpiki hawakupenda kumwona akikaribia kipaza sauti. Jaribio lao la kwanza kubwa lilikuja haraka. Afrika Kusini ilikuwa imezuiwa kwenda Tokyo mwaka 1964, lakini Februari 1968 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliamua kuirudisha kwa ajili ya michezo ya Mexico. Afrika ikasema haendi mtu. Nchi nyingine za dunia, Umoja wa Kisovieti ukiwemo, zikaanza kuiunga mkono. Aprili, mwaliko wa Afrika Kusini ukafutwa.

Fikiria kilichofuata. Oktoba ile, katika hewa nyembamba ya Mexico, Naftali Temu aliipa Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki katika mita 10,000, Amos Biwott akashinda mbio za kuruka viunzi na maji, na Kipchoge Keino akamwacha Jim Ryun nyuma sana katika mita 1,500. Mwafrika mwingine, Mamo Wolde wa Ethiopia, alishinda marathoni, na zaidi ya saa moja baadaye Mtanzania John Stephen Akhwari aliingia uwanjani akichechemea, goti limefungwa bendeji, akamaliza wa mwisho na kupata umaarufu unaozidi wa wengi waliopata medali. Sura hizo zote ambazo Afrika Mashariki inajivunia zisingekuwepo kama kamati ile ingeshikilia uamuzi wake wa Februari. Tishio la kutokimbia ndilo lililofungua njia ya kukimbia.

Mwaka 1970 Afrika Kusini ilifukuzwa kabisa katika familia ya Olimpiki. Miaka miwili baadaye, Munich, zamu ikawa ya Rhodesia ya Ian Smith, iliyotawaliwa na Wazungu wachache. Timu yake ilikuwa imeshafika katika kijiji cha Olimpiki. Waafrika wakatangaza kufunga mizigo, na siku nne kabla ya ufunguzi wajumbe wa kamati wakapiga kura: 36 wakataka Rhodesia iondoke, 31 wakataka ibaki. Avery Brundage, rais wa kamati aliyekuwa akistaafu, alilalamika kwamba siasa imeingia michezoni. Waafrika waliona ajabu, kwa sababu kwa macho yao siasa ilikuwa imeingia siku nyingi, ila ilikuwa imevaa jezi ya upande mmoja.

Mpaka hapo silaha hiyo ya kutishia kugoma ilikuwa imefanya kazi bila kulipuka. Kila ilipoinuliwa, mpinzani alirudi nyuma. Mwaka 1976 alitokea mtu ambaye hakurudi.

Robert Muldoon alishinda uchaguzi wa New Zealand Novemba 1975, na moja ya turufu zake ilikuwa ahadi kwamba serikali yake haitawapangia wachezaji wa raga nani wa kucheza naye. Timu ya taifa ya raga, All Blacks, ilialikwa Afrika Kusini, na iliondoka na baraka zake. Bahati mbaya ya tarehe ilifanya mambo yawe mabaya zaidi: Juni 16, 1976, wanafunzi wa Soweto waliingia barabarani kukataa kufundishwa kwa Kiafrikaans, na polisi wakawafyatulia risasi. Wiki mbili baadaye All Blacks walikuwa wakikimbizana na mpira katika viwanja vya nchi hiyohiyo, huku magazeti ya dunia yakiendelea kuchapisha picha za watoto waliouawa.

Mapema Julai viongozi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikutana Port Louis, Mauritius. Azimio likatoka: New Zealand isipoondolewa kwenye Olimpiki ya Montreal, nchi wanachama zifikirie kujitoa. Tanzania ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kabisa kutangaza kwamba haiendi, na haikuwa ajabu. Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya umoja huo tangu 1963. Wapiganaji wa Msumbiji, Zimbabwe, Namibia na Afrika Kusini walikuwa wakitembea mitaani mwake. Nchi iliyokuwa ikiwalisha na kuwapa silaha watu wa kupigana na Makaburu isingeshindwa kumzuia mkimbiaji asipande ndege.

Lord Killanin, Mwairishi aliyemrithi Brundage, alijitetea kwa hoja isiyo ya kipuuzi. Raga haikuwa mchezo wa Olimpiki tangu 1924. Kamati ya Olimpiki ya New Zealand haikuwa na amri yoyote juu ya chama cha raga. Kumwadhibu mpiga makasia wa Auckland kwa kosa la mcheza raga ni sawasawa na kumfunga mtu kwa kosa la jirani yake. Na wapo waliouliza kwa nini New Zealand peke yake. Timu ya Waingereza na Waairishi, Lions, ilikuwa imezuru Afrika Kusini mwaka 1974 na kushinda kwa kishindo, na hakuna aliyetaka Uingereza ifukuzwe. Jibu la Waafrika lilikuwa kwamba serikali ya Labour ya Uingereza ilijitenga waziwazi na ziara ile, ilhali Muldoon aliibariki ya kwake. Na kwamba ziara ya Lions haikufanyika damu ya Soweto ikiwa bado mbichi. Jibu hilo lina uzito, ingawa lazima ikubaliwe kwamba Uingereza pia ilikuwa mkubwa wa kutoguswa kirahisi, na New Zealand ilikuwa nchi ndogo ya kondoo na siagi.

Julai 17 Malkia Elizabeth wa Pili alifungua Michezo ya Montreal. Wanamichezo kadhaa wa Afrika walikuwa wameshalala vitandani mwa kijiji cha Olimpiki, wamefanya mazoezi, wamepewa vitambulisho, ndipo wakaambiwa wafungashe. Kenya ilitangaza uamuzi wake dakika za mwisho, ikisema misingi ina thamani kuliko medali. Nchi nyingine, kama Misri, Morocco, Tunisia na Kamerun, zilishindana siku chache kisha zikaondoka. Jumla ziligoma nchi zipatazo 29, nyingi za Afrika, pamoja na Iraq na Guyana. Senegal na Ivory Coast zilibaki. Mkimbiaji wa Guyana James Gilkes aliomba akimbie kwa jina lake mwenyewe chini ya bendera ya Olimpiki, akakataliwa.

Pambano ambalo dunia ilikuwa ikilisubiri kwa miaka miwili, Bayi dhidi ya Walker, likafa. Tangu Christchurch wawili hao walikuwa wakijibizana kwa mbali. Mei 1975, huko Kingston, Jamaica, Bayi aliivunja rekodi ya maili ya Ryun kwa 3:51.0; Agosti mwaka huohuo, huko Göteborg, Walker akawa binadamu wa kwanza kukimbia maili chini ya 3:50, akiandika 3:49.4. Montreal ilikuwa pahala pa kumaliza ubishi. Walker alishinda dhahabu ya mita 1,500 kwa 3:39.2, muda wa polepole kwa sekunde saba kuliko wa Bayi wa Christchurch. Ilikuwa fainali ya kuviziana, ya namna ileile ambayo Bayi hakuwa na subira nayo. Wapo wanaokumbusha kwamba Bayi alikuwa ameugua malaria kabla ya michezo na huenda asingefua dafu hata angekwenda. Huenda. Ubishi wa namna hiyo huisha uwanjani tu, na uwanja ulikuwa umefungwa.

Hasara ya wengine haikuwa na hata hilo la kubishania. John Akii-Bua, polisi wa Uganda aliyeipatia nchi yake dhahabu ya kwanza mwaka 1972 kwa rekodi ya dunia ya 47.82 katika mita 400 za kuruka viunzi, aliondoka Montreal bila kutetea taji lake. Mwanafunzi wa Kimarekani asiyejulikana sana, Edwin Moses, alilichukua pamoja na rekodi. Mike Boit wa Kenya, mwenye shaba ya mita 800 ya Munich, hakukutana na Alberto Juantorena wa Cuba. Henry Rono alikuwa bado chipukizi. Mwaka 1978 angevunja rekodi nne za dunia katika siku 81: mita 5,000, mita 3,000 za viunzi na maji, mita 10,000 na mita 3,000. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo kabla yake. Hakukimbia Olimpiki hata moja maishani mwake.

Hapa ndipo mwandishi wa historia hii hulazimika kusema jambo lisilopendeza. Waliopiga kura ya kugoma hawakuwa na mbio za kukimbia. Rais aliyesaini uamuzi aliendelea kuwa rais. Mkimbiaji alikuwa na Olimpiki moja au mbili katika maisha ya miguu yake. Na katika safu ya waliogoma kwa ajili ya utu wa Mwafrika alikuwemo Idi Amin. Mkutano ule wa Port Louis yeye ndiye alikuwa mwenyekiti anayemaliza muda: alikwenda Mauritius kukabidhi kiti huku mateka wa ndege ya Air France wakiwa wamezuiliwa Entebbe. Serikali yake ilikuwa ikiwaua Waganda, na hakuna azimio la michezo lililotolewa juu yake. Nyerere, kwa sifa yake, alikuwa amekataa kuhudhuria mkutano wa umoja huo uliofanyika Kampala mwaka 1975. Ila timu ya Uganda hakuna aliyeisusia. Ukali wa Afrika ulikuwa na mpaka, na mpaka wenyewe ulikuwa rangi ya ngozi ya mkandamizaji.

Akii-Bua aliionja hali hiyo mwenyewe. Majeshi ya Tanzania yalipomwondoa Amin mwaka 1979, bingwa huyo wa Olimpiki alikimbilia Kenya na familia yake na kuishia katika kambi ya wakimbizi, mpaka kampuni ya viatu ya Puma ilipomsaidia kufika Ujerumani.

Je, mgomo ulizaa nini? Kwa kipimo cha Montreal yenyewe, hakuna. New Zealand ilibaki, ziara ya raga ikaendelea hadi Septemba, na All Blacks wakafungwa michezo mitatu kati ya minne ya kimataifa. Matunda yalionekana mwaka uliofuata. Michezo ya Madola ya 1978 ilikuwa ifanyike Edmonton, na Kanada haikutaka kurudiwa na aibu ya Montreal. Juni 1977 viongozi wa Jumuiya ya Madola, wakiwa katika mkutano wao wa London, walipanda hadi hoteli ya Gleneagles huko Uskochi kwa mapumziko ya mwisho wa wiki. Hapo, chini ya katibu mkuu Shridath Ramphal, walikubaliana kwamba kila serikali itafanya kila inaloweza kuzuia michezo na Afrika Kusini. Muldoon naye alitia mkono. Maneno yalikuwa yamelainishwa kiasi kwamba kila mmoja aliyasoma alivyotaka, lakini yalikuwa ya kwanza ya aina yake: serikali, zikiwemo za Uingereza, Australia na New Zealand, zilikubali kwa maandishi kwamba mchezo na ubaguzi ni suala lao.

Tanzania ilikwenda Edmonton. Gidamis Shahanga alishinda marathoni huko, na Bayi akapata fedha ya mita 1,500.

Muldoon alikuja kuyasoma maneno ya Gleneagles kwa namna yake mwaka 1981, alipoiruhusu Springboks kuzuru New Zealand. Safari hii waliokataa walikuwa wananchi wake mwenyewe. Julai 25, mjini Hamilton, mamia walivunja uzio na kukaa katikati ya uwanja hadi mchezo ukafutwa. Septemba, katika mchezo wa mwisho Auckland, ndege ndogo ilizunguka juu ya uwanja wa Eden Park ikidondosha mifuko ya unga. Familia ziligawanyika mezani. Baadhi ya viongozi wa maandamano hayo walikuwa wameanza harakati katika miaka ambayo Afrika ilikuwa ikiitishia Christchurch, na kizazi kizima cha wanafunzi wa New Zealand kiliujua ubaguzi wa Afrika Kusini kupitia ubishi wa raga kabla ya kuujua kupitia kitabu chochote. Hili, kwa maoni ya mwandishi huyu, ndilo tunda kubwa la Montreal, kubwa kuliko hata waraka wa Gleneagles.

Mwaka 1986 nchi 32 kati ya 59 zilisusia Michezo ya Madola ya Edinburgh kwa sababu Margaret Thatcher alikataa kuiwekea Afrika Kusini vikwazo. Tanzania, Kenya na Uganda zilikuwa miongoni mwao. Miaka mitano baadaye Kamati ya Olimpiki iliirudisha Afrika Kusini, sheria za ubaguzi zikiwa zinaporomoka, na Barcelona 1992 Derartu Tulu wa Ethiopia na Elana Meyer, Mzungu wa Afrika Kusini, walimaliza mita 10,000 wa kwanza na wa pili, kisha wakazunguka uwanja pamoja. Wachambuzi watabishana daima ni kiasi gani michezo ilichangia ukilinganisha na migomo ya wafanyakazi, mabenki yaliyofunga mikopo na vita vya Angola. Kwamba ilichangia, Makaburu wenyewe hawakuwa na shaka. Raga ilikuwa ibada yao, na kunyimwa wageni wa kucheza nao kuliwauma mahali ambapo hotuba za Umoja wa Mataifa hazikufika.

Silaha ikishajulikana kuwa kali, hata mwingine huitaka. Desemba 1979 majeshi ya Kisovieti yaliingia Afghanistan, na Rais Jimmy Carter akaamua dunia isusie Olimpiki ya Moscow. Akamtafuta mjumbe wa kuishawishi Afrika, akampata Muhammad Ali, aliyekuwa ziarani India. Ndege ikapelekwa kumchukua, na mwanzoni mwa Februari 1980 bingwa akatua Dar es Salaam.

Jina la Ali lilikuwa limeshaingizwa katika siasa za Tanzania kwa njia ya kihuni zaidi. Novemba 1978, majeshi yake yakiwa yameivamia Kagera, Idi Amin alipendekeza yeye na Nyerere wamalize vita kwa ngumi ulingoni, mwamuzi awe Muhammad Ali. Jibu alilopata lilikuwa la mizinga. Sasa Ali alikuja kweli, na vijana walijaa kumshangilia, ila Mwalimu hakumpokea. Kumtuma mwanamasumbwi kujadili sera ya nje na mkuu wa nchi kulionekana dharau. Waandishi wa habari ndio waliompokea, na swali lao lilikuwa fupi: Afrika ilipoomba dunia igome kwa ajili ya Soweto mwaka 1976, Marekani ilikuwa wapi? Ali alikiri kwamba habari ya mgomo ule hakuwa akiijua. Mtu aliyepoteza miaka mitatu ya ujana wake ulingoni kwa kukataa vita vya Vietnam aliielewa hoja hiyo upesi kuliko waliomtuma, na hata akatamka hadharani kwamba pengine alitumwa vibaya.

Kutoka Dar alikwenda Nairobi, ambako kazi ilikuwa rahisi, maana Rais Moi alikuwa ameshaamua kuisusia Moscow. Mwaka huohuo Kenya iliafikiana na Marekani juu ya manowari zake kutumia bandari ya Mombasa. Kwa hiyo kizazi cha Rono na Boit kilikosa Olimpiki mbili mfululizo, ya kwanza kwa sababu ya Soweto, ya pili kwa sababu ya Kabul.

Tanzania ilikwenda. Julai 31, 1980, Bayi alikimbia fainali ya mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, na alikimbia kama Bayi: akachomoka, akajenga pengo, akaongoza hadi mzunguko wa mwisho, ambapo Bronisław Malinowski wa Poland alimfikia na kumpita. Fedha. Siku iliyofuata Suleiman Nyambui alipata fedha nyingine katika mita 5,000, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia kwa chini ya sekunde moja. Hadi michezo ya Paris 2024, hizo ndizo medali mbili pekee za Olimpiki ambazo Tanzania imewahi kupata.

Wakati Tanzania na Kenya zikichukua njia tofauti kwenda au kutokwenda Moscow, mpaka kati yao ulikuwa umefungwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977 kwa ugomvi wa ndege, meli na itikadi, na lori la Arusha halikuweza kupita Namanga. Kandanda ndiyo iliyoendelea kupita. Mwaka 1981 Kombe la Challenge la Afrika Mashariki na Kati lilichezwa Tanzania, Harambee Stars wakaja Dar es Salaam, wakawafunga wenyeji 1–0 katika fainali na kuondoka na kombe. Watu walijaa uwanjani, wakazomea, wakashangilia, na kesho yake Namanga ilikuwa bado imefungwa. Ilifunguliwa Novemba 1983, Nyerere, Moi na Obote wa Uganda walipokutana Arusha kukubaliana mgawanyo wa mali ya jumuiya iliyokufa, kwa hesabu zilizoandaliwa kwa miaka kadhaa na Victor Umbricht, mwanadiplomasia wa Uswisi aliyeyapitia madeni ya shirika moja baada ya jingine.